Sifuri ya Mayweather na vipigo vinane vya Pacquiao

Asubuhi ya Jumapili, Mei 3, 2015, kibanda umiza cha mtaani kwetu kilijaa kuliko kinavyojaa siku ya fainali ya Ulaya. Las Vegas, ambako Floyd Mayweather wa Marekani alikuwa akipigana na Manny Pacquiao wa Ufilipino, bado ilikuwa Jumamosi usiku. Kwetu jua lilishachomoza, mama wa vitumbua alishahamishia jiko lake mlangoni, na mwenye kibanda alipandisha kiingilio bila aibu. Raundi 12 zikapita, hakuna aliyeanguka, hakuna aliyeyumba. Mzee mmoja wa benchi la mbele akasimama, akajikung'uta, akauliza: "Ndiyo hili mlilolisubiri miaka mitano?" Hakuna aliyemjibu. Tukatoka nje tukaanza kubishana, na ubishi wenyewe mpaka leo haujaisha.

Haujaisha kwa sababu tunaubisha vibaya. Watu wa Floyd Mayweather wanakuja na namba moja mkononi: 50-0, yaani ushindi 50 na vipigo sifuri. Watu wa Manny Pacquiao nao wana yao: ubingwa wa dunia katika uzito nane tofauti. Kila upande unapeperusha namba yake kama mwenye tiketi ya bahati nasibu, na hakuna anayetaka kufungua mapambano yenyewe kuangalia kilichomo. Mimi msimamo wangu nautoa mapema ili asije mtu kunivizia mwishoni. Mayweather ni bondia bora kuliko Pacquiao. Pacquiao ana historia kubwa kuliko Mayweather. Na ile sifuri tunayoisifia imemwonea hata Mayweather mwenyewe.

Tuanze na sifuri. Aprili 20, 2002, Mayweather alipanda kutoka ratili 130 (kama kilo 59) hadi 135 kumkabili José Luis Castillo wa Mexico, bingwa wa WBC, moja ya mashirika makubwa manne yanayotoa mikanda ya dunia (mengine ni WBA, IBF na WBO). Raundi za mwanzo alizichukua kwa miguu na jabu, ile ngumi ya haraka ya mkono wa mbele. Kuanzia katikati Castillo alimfuata, akambana kwenye kamba, akawa anamtwanga mbavu na tumbo bila kumpa nafasi ya kuvuta pumzi. Waliohesabu ngumi walikuta Castillo ndiye aliyefikisha nyingi. Harold Lederman, aliyekuwa akitoa alama zake kwenye matangazo ya televisheni ya HBO, alimpa Castillo. Majaji watatu wa mezani wakampa Mayweather, mmoja 116-111 na wawili 115-111. Nimeliangalia pambano lile mara mbili, na mara zote mbili nimemwandikia Castillo.

Sasa chukulia majaji wale wangeandika ninavyoandika mimi. Mayweather angemaliza na 49-1. Angepungua nini? Macho yake yangekuwa yaleyale, bega lake lilelile, na Desemba mwaka huohuo alimpa Castillo marudiano bila kuzungushana, akamshinda kwa uwazi zaidi. Kumpa marudiano mtu aliyekuumiza, tena mwaka uleule, ni jambo la bingwa hasa, lakini wapenzi wake hawalitaji kwa sababu kulitaja ni kukiri kwamba pambano la kwanza lilikuwa na mushkeli. Sifuri inawalazimisha wafiche mojawapo ya mambo mazuri aliyofanya.

Geuza ukurasa. Juni 9, 2012, Pacquiao alimpiga Timothy Bradley usiku kucha, ukumbi mzima ukaona, kisha majaji wawili kati ya watatu wakampa Bradley 115-113. Mmoja wa wawili hao aliitwa C. J. Ross. Mwaka uliofuata, Septemba 2013, jaji huyohuyo alikaa pembeni ya ulingo Mayweather akimfundisha kazi Saúl "Canelo" Álvarez, na akaandika 114-114. Wenzake wawili walimpa Mayweather, ndiyo maana sifuri ilinusurika. Yaani kalamu ileile iliyompa Pacquiao kipigo asichostahili ilitaka kumpa Mayweather doa asilostahili, ikazuiwa na kalamu nyingine mbili. Ukishaliona hilo, ni vigumu kuendelea kuiheshimu namba kama vile imeshuka kutoka mbinguni.

Vipigo vinane vya Pacquiao navyo si vya aina moja. Cha Bradley ni cha kusingiziwa. Cha Jeff Horn, Brisbane, Julai 2017, watu wengi hawakikubali, ingawa mimi naona Pacquiao usiku ule alicheza ovyo kiasi cha kujitakia. Vingine ni vipigo vya haki kabisa. Rustico Torrecampo alimwangusha raundi ya 3 mwaka 1996, kijana hajatimiza miaka 18. Mwaka 1999 nchini Thailand alishindwa kufikisha uzito, akavuliwa mkanda kwenye mizani, halafu akapigwa KO na Medgoen Singsurat. Erik Morales alimshinda 2005. Yordenis Ugás alimshinda 2021, na Mayweather mwenyewe yumo katikati. Na kuna kile ambacho hakuna asiyekijua: Desemba 8, 2012, sekunde za mwisho za raundi ya 6, Pacquiao akiwa anaongoza, pua ya Juan Manuel Márquez ikivuja damu, akaingia mzimamzima kwenye mkono wa kulia. Akaanguka kifudifudi. Kwa dakika nzima watu walidhani amekufa.

Baada ya usiku kama ule mabondia wengi hawarudi, au wanarudi wakiwa watu wengine. Yeye alirudi Novemba 2013 huko Macau, akamshinda Brandon Rios karibu raundi zote, na Aprili 2014 akamrudia Bradley na kuchukua chake. Mimi kipigo cha Márquez nakiweka upande wa mali zake, si upande wa madeni.

Lakini nimesema Mayweather ni bondia bora, na sitaki ionekane nimesema kwa kuombea radhi. Wengi walianza kumfahamu 2007, alipompiga Oscar De La Hoya na kuanza kujiita Money, wakamwona mtu wa kukwepa, kukumbatia na kuhesabu hela. Hawakumwona yule wa ratili 130. Oktoba 1998, akiwa na miaka 21, alimchosha Genaro Hernández mpaka kona yake, yaani walimu wake, ikamzuia asitoke tena. Januari 20, 2001, akakutana na Diego Corrales, mrefu, mwenye ngumi za kuvunja, naye akiwa hajapigwa na mtu, 33-0. Magwiji wa kubashiri walimwona Corrales ni hatari. Mayweather alimwangusha mara tano. Kila mara aliona ngumi inakuja kabla Corrales hajaamua kuirusha, na raundi ya 10 kona ikaamua yatosha. Hilo ndilo pambano la kumwonyesha kijana anayeanza ngumi, si lile la Pacquiao.

Tatizo lilikuwa mikono. Ilikuwa myepesi kuvunjika, na kadiri alivyopanda uzito aliacha kuitegemea, akategemea ulinzi. Ulinzi wenyewe ni urithi wa nyumbani: baba yake, Floyd mkubwa, aliwahi kupigana na Sugar Ray Leonard mwaka 1978, na baba yake mdogo, Roger, alikuwa bingwa wa dunia. Bega la kushoto juu limefunika kidevu, mkono wa kushoto umelala tumboni, wa kulia upo shavuni. Ngumi ikija inateleza begani kama maji juu ya jani la mgomba, na kabla aliyeirusha hajarudisha mkono, ameshapigwa. Wapo wengi waliojaribu kuiga mkao huo, na wengi walilala. Unahitaji macho yake, na macho yake hayauzwi.

Ricky Hatton alikuja Desemba 2007 na 43-0 na maelfu ya Waingereza wakiimba. Alikimbilia mbele kama kawaida yake, Mayweather akapiga konde la kushoto la kuzunguka huku anampisha pembeni, na Hatton akaendelea na safari mpaka akagonga kichwa kwenye pedi ya kona. Canelo wa 2013 alikuwa na miaka 23 na hajapigwa; Mayweather alikuwa na 36. Walipigana kwa ratili 152, chini kidogo ya uzito wake Canelo, na wapo wanaolalamikia hilo. Lakini alivyokuja kuwa Canelo baadaye, bingwa wa mikanda yote minne ya ratili 168, ushindi ule umekuwa ukipanda bei kila mwaka kama kiwanja cha Kigamboni.

Mabondia waliopigana na wote wawili ni watano: De La Hoya, Hatton, Márquez, Mosley, Cotto. Watu hupenda kulinganisha matokeo tu. Pacquiao alimmaliza De La Hoya kwa raundi 8, Mayweather alimshinda kwa tofauti ya jaji mmoja, basi Pacquiao zaidi. Hapana. Uliza nani alikula kwanza, na chakula kilikuwa cha moto kiasi gani. De La Hoya aliyekutana na Mayweather Mei 2007 alikuwa bingwa wa ratili 154, akiwa na mwili wake. Yule wa Desemba 2008 alijikausha kushuka 147 na kupanda ulingoni akiwa kivuli. Hatton wa 2007 alikuwa hajaonja kipigo. Yule aliyelala raundi ya 2 mbele ya Pacquiao, Mei 2009, alikwishavunjwa moyo na Mayweather. Mosley naye Mayweather alimpata mapema, Mei 2010, na raundi ya 2 ya pambano lile ndiyo mara pekee niliyoona magoti ya Mayweather yakilegea vibaya. Pacquiao alimpata mwaka mmoja baadaye, Mosley ameshachoka, pambano likawa la kusinzia.

Kwa Cotto na Márquez hadithi inageuka. Novemba 2009 Miguel Cotto alikuwa bingwa wa WBO, mzito, na Pacquiao alimwangusha mara mbili na kumsimamisha, yaani mwamuzi akalikatisha pambano, raundi ya 12. Walikubaliana ratili 145, mbili chini ya uzito wa welta, na hiyo ni kasoro inayopaswa kusemwa. Mayweather alikuja kwake 2012 kwa ratili 154, akamshinda kwa pointi na kutoka na damu puani. Márquez ndiye kipimo chenyewe. Mayweather alimpata 2009, Márquez amepandishwa kutoka ratili 135, na Mayweather hata uzito waliokubaliana alishindwa kuufikia, akalipa faini ya dola 600,000 na kuendelea. Akamshinda kama anacheza na mtoto. Pacquiao alikutana naye mara nne, kuanzia 2004 wakiwa wote wa moto katika ratili 126: sare, ushindi wa jaji mmoja, ushindi wa kubishaniwa, kisha KO. Raundi 42 kwa jumla. Mimi nikitaka kumweleza mtu kwa nini Mayweather ni fundi zaidi, nataja Márquez. Nikitaka kumweleza kwa nini Pacquiao amefanya kazi kubwa zaidi, nataja Márquez huyohuyo.

Sasa ile namba nane ya watu wa Pacquiao. Nayo inahitaji kukunwa kidogo. Mikanda ya mashirika makubwa manne aliichukua katika uzito sita: ratili 112, 122, 130, 135, 147 na 154. Kwenye 126, dhidi ya Marco Antonio Barrera mwaka 2003, na 140, dhidi ya Hatton, alichukua ubingwa wa mtu aliyetambulika kuwa ndiye namba moja wa uzito huo, si mkanda wa shirika kubwa. Na ule wa 154 dhidi ya Antonio Margarito, Novemba 2010, ulikuwa mkanda uliokuwa wazi, ukapiganiwa kwa ratili 150. Ukipunguza yote hayo bado unabaki na kitu ambacho akili inakataa. Mtu huyu alianza kulipwa Januari 1995 katika ratili 106, kama kilo 48, na mwenyewe amewahi kusimulia kwamba alikuwa mwepesi hata kwa uzito huo, akaweka vyuma mfukoni ili mizani ipande. Usiku wa Margarito alipigana na mtu aliyemzidi takriban ratili 17, akamvunja mfupa wa jicho.

Hapa ndipo inapoingia hoja ya njia aliyopita kila mmoja. Mcheza kwao hutunzwa, na Mayweather alilijua hilo kuliko bondia yeyote wa kizazi chake. Kuanzia 2006 hadi anastaafu 2017, mapambano yake yote yalikuwa Las Vegas. Nje ya Marekani hakuwahi kupigana pambano hata moja la rekodi. Pacquiao alichukua mkanda wake wa kwanza, Desemba 1998, nyumbani kwa Chatchai Sasakul, Thailand, akiwa nyuma kwa pointi mpaka konde la kushoto la raundi ya 8 lilipomaliza maneno. Juni 2001 alikuwa Marekani, hajulikani, akaitwa wiki mbili tu kabla kuziba nafasi dhidi ya Lehlohonolo Ledwaba wa Afrika Kusini, bingwa wa IBF wa ratili 122, mtu mgumu ambaye Waafrika tulimtegemea afike mbali. Pacquiao alikuwa ndiyo kwanza ameanza mazoezi na Freddie Roach kwenye jimu ya Wild Card. Alimsimamisha raundi ya 6. Ledwaba hakuwahi kurudi kuwa yule aliyekuwa.

Sasa turudi kwenye ile asubuhi ya vitumbua. Kwa nini miaka mitano? Pambano lilikuwa karibu kupatikana Machi 13, 2010. Likavunjika kwa damu: kambi ya Mayweather ilitaka vipimo vya kushtukiza vya mtindo wa Olimpiki, Pacquiao hakutaka kutolewa damu siku za karibu na pambano, na wakaishia mahakamani kwa kesi ya kuchafuliana jina iliyomalizwa kwa makubaliano 2012. Pacquiao hajawahi kushindwa kipimo. Hata hivyo, angetoa ile damu. Mayweather alikuwa amewekewa mezani fedha ambazo hakuna bondia aliyewahi kuziona, na sababu ya kukataa akapewa na mpinzani wake mwenyewe.

Walipokutana, mmoja alikuwa na miaka 38 na mwingine 36, na wa 36 ndiye aliyekuwa amezeeka zaidi. Tangu Cotto mwaka 2009 Pacquiao alikuwa hajamsimamisha mtu. Raundi ya 4 alimpata Mayweather kwa kushoto, akambana kwenye kamba, akafyatua mfululizo. Mayweather akatikisa kichwa kusema hujanigusa, ishara ambayo bondia huitoa akishaguswa. Baada ya hapo, ukiacha dakika chache za raundi ya 6, lilikuwa somo. Kulia la moja kwa moja likimpata Pacquiao, bondia wa mashoto, kila alipotaka kuingia, hatua moja pembeni, mkumbatio, mwamuzi kati. Ngumi zilizofika zilikuwa 148 kwa 81. Majaji: 118-110, 116-112, 116-112. Hakuna wizi hapo, na anayesema Pacquiao alishinda simwelewi.

Mambo ya pembeni yalikuja baadaye. Pacquiao alisema bega la kulia lilikuwa bovu, akafanyiwa upasuaji wiki ileile. Usiku wa pambano tume ya michezo ya jimbo la Nevada ilimkatalia sindano ya kutuliza maumivu. Septemba ikajulikana kwamba Mayweather alitundikiwa dripu baada ya kupima uzito, na USADA, shirika la Marekani la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, ikampa kibali pambano likiwa limekwisha kupita. Kwa kanuni za jimbo haikuwa kosa. Lakini ni yule yule aliyetuambia miaka mitano kwamba shida yake ni usafi wa vipimo.

Wapo wanaosema dakika 36 zile zimemaliza ubishi. Hao nawauliza kuhusu Kinshasa. George Foreman alimwangusha Joe Frazier mara sita mwaka 1973. Frazier alikuwa amemshinda Muhammad Ali 1971. Ali akamlaza Foreman Oktoba 30, 1974, kule kwa Mobutu. Kwa hesabu ya nani kampiga nani, watatu hao wanazunguka duara. Usiku mmoja unaonyesha nani alikuwa na jibu la nani, basi.

Kuna urithi mmoja wa Mayweather ambao naukubali bila sharti, nao uko nje ya kamba. Mwaka 2006 alilipa dola 750,000 kujinunua kutoka kwa promota wake, Top Rank ya Bob Arum. Watu walimcheka. Mwaka uliofuata alipigana na De La Hoya, na kuanzia hapo hakuwa tena mfanyakazi wa mtu. Lile pambano la 2015 lilinunuliwa na nyumba milioni 4.6 Marekani, likaingiza zaidi ya dola milioni 400, na mgao ulikuwa 60 kwa 40, sitini zake. Ngumi ni mchezo ambao kwa miaka mia umeacha mabingwa wakifa maskini huku mapromota wakijenga. Yeye aligeuza meza. Pacquiao alipata utajiri mkubwa, lakini miaka yake mingi aliipata kama mtu wa Arum.

Bidhaa aliyouza, hata hivyo, ilikuwa sifuri, na bidhaa hiyo imeutia ugonjwa mchezo. Watangazaji wameambiwa kwamba bondia aliyepigwa ni mali iliyochuja, basi vijana wenye vipaji wanazungushwa kwa miaka wasikutane. Hata kwetu tumeambukizwa. Unasoma bango: 12-0, KO 12. Ukiuliza amewapiga akina nani, unakuta wengine walishushwa kwenye bodaboda asubuhi ya pambano. Ushindi wa Mtanzania ninaoukumbuka kwa furaha zaidi miaka ya karibuni ni wa Hassan Mwakinyo, Birmingham, Septemba 2018, alipomsimamisha Sam Eggington raundi ya 2 nyumbani kwake. Mwakinyo alikwenda kule na vipigo kwenye rekodi. Angekuwa analinda sifuri, asingepanda ndege.

Maisha ya nje ya ulingo siyachimbi sana, ila siwezi kuyaruka. Mayweather alifungwa 2012 kwa kumpiga mama wa watoto wake, akakaa ndani karibu miezi miwili, na hakuna rekodi inayofuta hilo. Pacquiao aliingia bungeni 2010, akawa seneta 2016, mwaka huohuo Nike ikamwacha kwa maneno aliyoyasema juu ya mashoga, na 2022 akagombea urais wa Ufilipino akaambulia nafasi ya tatu. Kama mwanasiasa simsifii. Nasema habari za ngumi.

Na katika ngumi, linganisho ninaloliona zito kuliko yote hata si la wao kwa wao. Ni la umri wa miaka 40. Agosti 2017, Mayweather akiwa na miaka 40, alitafuta ushindi wa 50 ili ampite Rocky Marciano aliyestaafu na 49-0. Aliyemchagua ni Conor McGregor, bingwa wa mchezo mwingine, ambaye hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupigana ngumi za kulipwa. Akamsimamisha raundi ya 10, na namba ikatimia. Julai 2019, Pacquiao akiwa na miaka 40, alimchagua Keith Thurman, bingwa wa WBA wa welta, miaka 30, 29-0, mzito kuliko yeye. Alimwangusha raundi ya kwanza, akamshinda kwa jaji wawili kwa mmoja, akawa bingwa mzee kuliko wote katika historia ya uzito huo. Angepigwa usiku ule tungesema alijitakia. Aliyapima hayo, akaenda.

Baada ya McGregor, Mayweather ameendelea kupanda ulingoni kwa maonyesho: Tenshin Nasukawa huko Japani siku ya mwisho ya 2018, Logan Paul huko Miami 2021, na wengine. Hakuna alama, hakuna kinachoingia kwenye rekodi. Pacquiao naye amefanya maonyesho ya namna hiyo, na hayakuwa ya kupendeza. Ila Julai 19, 2025, mwezi mmoja tu baada ya kuingizwa kwenye jumba la heshima la ngumi, alirudi kwenye kitu cha kweli: Mario Barrios, bingwa wa WBC wa welta, miaka 30. Yeye alikuwa na 46. Niliamka kuliangalia nikiwa nimejiandaa kusikitika.

Katikati ya pambano nilikuwa nimesimama. Mashoto yule aliingia, akatoka, akarudi kwa pembe ambayo Barrios hakuitarajia, na kwa raundi kadhaa ungeapa kwamba ni 2009. Kisha miguu ikadai umri wake, na raundi tatu za mwisho Barrios akazichukua kwa majaji wote. Wawili wakaandika 114-114, wa tatu 115-113 kwa Barrios. Sare. Mkanda ukabaki ulipokuwa, rekodi ikasomeka 62-8-3, yaani ushindi 62, vipigo 8 na sare 3, na mzee alipoulizwa kama anataka marudiano akasema ndiyo.